Ndiho

Kama ulikuwa kijana Kasulu mwaka elfu mbili na kumi na nne, halafu ukaniambia hukuwahi kulirukia goma la "Ndiho", nitakwambia ama ulikuwa umeokoka ama unanidanganya. Goma lile lilipigwa harusini, lilipigwa kwenye kipaimara, lilipigwa stendi na kwenye vibanda vya kuchaji simu. Bodaboda walifunga redio kwenye pikipiki zao wakapita nalo mpaka Busunzu na mpaka Kakonko huko. Halikuwa na ubeti hata mmoja. Halikuwa na mapenzi wala usaliti, sijui nani kamwacha nani. Lilikuwa mdundo mtupu wa kompyuta, unakimbia kama umeiba, na katikati yake sauti nzito ya kijana wa kiume ikirudia neno moja: ndiho, ndiho, ndiho. Kwa Kiha maana yake nipo. Na uwanja mzima unajibu kwa kelele kwamba nao wapo, vumbi linatimka, jenereta linanguruma nyuma ya ukuta. Basi, ndiyo wimbo wote huo.

Aliyeutengeneza ni Twalibu, kitinda mimba wa Mzee Abdalah muuza vitenge. Lakini ilifika siku watu wakimshangilia kwa wimbo ule, yeye anatamani ardhi ipasuke aingie nao.

Tuanze huku nyuma kidogo ili tuelewane. Mzee Abdalah, ambaye baba yake alitoka Pangani na mzigo wa kanga akalowea milimani, alitaka mwanawe akae dukani apime vitambaa. Twalibu akakaa, lakini kukaa kwa mwili tu. Mwaka elfu mbili na kumi na mbili alipata kompyuta ya mtumba, akajifungia nayo, na alipotoka alikuwa DJ. Si DJ wa kuweka nyimbo za watu, hapana. Alitengeneza muziki wake mwenyewe, muziki wa mashine, ambao redio hazikuutaka na masheikh hawakuutaka na wachungaji nao, kwa mara ya kwanza, wakakubaliana na masheikh. Baba yake aliuita kelele za kinu kibovu. Kwa hiyo Twalibu akaupiga chinichini, Jumapili mchana, kwenye ghala kuukuu la maharage nyuma ya soko la Kasulu, na baadaye kwenye viwanja vya vijijini, disko vumbi zile za kuingia bila kuvua kandambili.

Jikoni kwake kulikuwa na siri moja, nayo ni kwamba hakununua sauti wala kuazima. Aliziokota. Alitembea na simu mfukoni, na kila kilicholia akakirekodi: mashine ya kusaga, mvua kwenye bati, wanawake wanaotwanga, mlango wa benki, mbuzi. Akirudi anazikatakata kwenye kompyuta, anazipindua, anazipa mwendo. Hakumwomba mtu ruhusa hata siku moja, maana nani anayeiomba ruhusa mashine ya kusaga? Akazoea hivyo. Mazoea mabaya yana hila moja, yanakuja yakiwa hayamdhuru mtu.

Sasa siku moja ya mwaka elfu mbili na kumi na tatu alikuwa anatoka kupiga muziki kwenye harusi moja Kibondo. Walipofika Kitahana, gari lililobeba spika likapata pancha pale kwenye kona. Ilikuwa alasiri inayoelekea jioni, jua bado lipo. Dereva akaingia chini ya gari na matusi yake, na Twalibu akasimama kando ya barabara. Ndipo akasikia sauti. Juu kabisa mgongoni mwa kilima alisimama mwanamke aliyejifunga kitenge, uso ameuelekeza upande wa Burundi, na alikuwa anaita. Alianza juu, akaivuta sauti mpaka ikawa nyembamba, kisha akaiachia ikaanguka bondeni. Twalibu nywele zilimsimama. Akatoa simu.

Kiha chake, nikwambie, kilikuwa cha dukani. Alijua mwakeye ya kusalimia, alijua bei gani, alijua hapana mama siwezi kupunguza tena. Alisikia ndiho, neno ambalo hata mtoto wa muuza vitenge analijua, na baada yake mkia mrefu ambao upepo uliula. Akadhani mama yule anaitikia mtu wa ng'ambo ya bonde, kama watu wa milimani wanavyopigiana kelele: upo? Nipo. Akaona ni jambo la furaha. Tairi likafungwa, akapanda gari, na njia nzima alikuwa anacheka peke yake kwa alichokipata.

Nyumbani akaukata ule mkia akautupa, likabaki ndiho tupu. Lakini sauti ya mwanamke, ikipita kwenye spika zake kubwa, ilikwaruza masikio. Akaishusha. Akaishusha tena. Ilipofika chini ya kutosha ikatulia, ikawa sauti ya kijana mzima, imejaa kifua, na Twalibu aligeuka kutazama nyuma yake, akidhani mtu ameingia chumbani. Hapo akajua ameshika kitu.

Na kweli alishika. Jumapili ya kwanza tu ghala lilitaka kubomoka. Wakamwambia arudie, akarudia, wakamwambia tena. Vijana wakaupeleka wimbo kwenye kadi za simu, wakarushiana, na mwaka uliofuata jina la Twalibu likafa, akawa DJ Ndiho. Hata baba yake akawa anaulizwa na wateja kama yeye ndiye mzee wa Ndiho, naye anajibu kwa kununa huku anatabasamu upande mmoja.

Kisha ukaja mwaka elfu mbili na kumi na tano. Burundi kukachafuka, watu wakaanza kuvuka, na mwishoni mwa mwaka kambi ya Nduta ikafunguliwa tena. Kibondo ikajaa magari ya mashirika, wageni, biashara, na Twalibu, ambaye si mjinga, akahamia huko akakodi kibanda karibu na soko. Mchana anaingiza nyimbo kwenye simu za watu, mwisho wa wiki anapiga disko. Umaarufu ukamfuata, na nyuma ya umaarufu akaja Makarius, mtu wa Mwanza mwenye miwani ya jua hata akiwa ndani ya nyumba, anayetafuta ma-DJ wa mikoani awapeleke kwenye tamasha lake kubwa. Makarius alimuuliza sauti ile ni ya nani. Twalibu, bila hata kufikiri, akasema ni yake, ameishusha kidogo. Uongo mdogo wa kazini, wa kumlainisha mteja. Makarius akafurahi sana, akasema afadhali, yeye hapendi nyimbo zenye wenyewe.

Walikuwa wamekaa hivyo hivyo kibandani, soda mkononi, wanapanga safari ya Mwanza, pale wanawake wawili walipokuja wakasimama mlangoni. Mmoja mtu mzima, amevaa kitenge kilichofuliwa mpaka maua yamekimbia. Mwingine kijana, mwembamba, kichwa amefunga kitambaa cheusi. Wakasalimia vizuri. Mtu mzima akasema anaitwa Esteri, ametoka Kitahana kwa miguu, na huyu ni mkwewe Claudine. Akaomba apigiwe ule wimbo wa ndiho.

Twalibu akaupiga. Kwa kawaida watu wakiusikia mguu unaanza wenyewe. Esteri hakutikisa hata kidole. Aliinamisha kichwa akaweka sikio karibu na spika, akasikiliza mpaka mwisho, na ulipoisha akawa na uso wa mtu aliyekuta chakula chake mahali alipokiacha.

"Huyu ni mwanangu," akasema. "Ndihokubwayo."

Hakulisema jina lile kwa mkato. Alilisema kwa kulivuta, linaanza juu, linaenda nyembamba, linaanguka. Na Twalibu akausikia ule mkia. Ule aliokuwa ameukata akautupa, miaka miwili nyuma, ukarudi ukakaa mahali pake, kubwayo, na sauti iliyoubeba ilikuwa ile ile ya kilimani. Ndihokubwayo. Nipo kwa ajili yake Mungu. Lilikuwa jina la mtu, na mama wa watu alikuwa hamwitikii yeyote siku ile, alikuwa anamwita mwanawe.

Esteri akaeleza, bila haraka, kama mtu anayetoa ushahidi. Mwanawe alivuka miaka miwili iliyopita kwenda Ruyigi, Burundi, kuangalia shamba la babu yake, maana ukoo wao ulikimbia kule zamani, wakaja huku, wakawa raia, ila shamba lilibaki. Akasema atarudi kabla ya mavuno. Hakurudi. Baadaye wachuuzi wakaleta habari kwamba alizama mto Malagarasi wakati wa kuvuka kurudi, lakini maiti hakuna aliyeiona, wala shati. Shemeji yake Stanislaus, mkubwa wa ukoo, alisema inatosha sasa, wafanye kuganduka. Ndiyo ile shughuli ya kuondoa msiba. Watu wale wasipoifanya, aliyekufa hajaisha na mjane hajafunguliwa. Siku ilishapangwa na pombe ilishalowekwa. Ndipo bodaboda mmoja akapita pale kwao na redio, na Esteri akiwa anapalilia akamsikia mwanawe anasema yu hai.

"Pombe nimewaambia waimwage," akasema. "Wewe ulikutana naye wapi, baba?"

Hapa ndipo palipotakiwa mwanamume. Neno moja tu lilihitajika. Lakini Makarius alikuwa pale pembeni na soda yake, anasikiliza kwa utamu kabisa, na Twalibu alikuwa ameshamwambia sauti ni yake. Akisema kweli kwa mama, anaumbuka kwa Makarius. Akisema uongo wa Makarius, kwamba ni sauti yake mwenyewe, mama atataka aseme, naye atasema, na haitafanana hata kidogo. Akatafuta katikati, na katikati huko hakuna kitu zaidi ya shimo. Akasema aliipata kwenye simu ya jamaa mmoja wa ng'ambo, mpita njia, hamfahamu jina.

Kwa hiyo sasa kulikuwa na shahidi. Esteri alimshika Twalibu mkono kwa mikono yake yote miwili, akakunja goti kidogo, mtu mzima yule, mbele ya kijana ambaye yeye amemzidi umri mara mbili, akamwambia Imana iguhezagire, Mungu akubariki. Claudine alikuwa anamtazama Twalibu moja kwa moja, na Twalibu akajifanya anachomoa waya.

Walipoondoka Makarius akacheka mpaka akavua miwani. Akampongeza kwa kumtuliza bibi kistaarabu, akasema akili kama hiyo ndiyo inayotakiwa mjini. Twalibu akazima spika, akaanza kukunja nyaya.

Utafikiri kesho yake alikwenda Kitahana kusema kweli. Wapi. Aliacha tu kuupiga ule wimbo, kana kwamba kuacha kupiga ni toba. Disko likianza watu wanaudai, yeye anasema kompyuta imeleta matatizo. Wanaupiga wenyewe kwenye simu zao, wanaimba wenyewe, na yeye amesimama juu ya jukwaa la makreti anausikiliza unavyomzunguka. Usingizi ukamkimbia. Baba yake alimpigia simu akamuuliza anaumwa nini, akasema malaria.

Habari alikuwa anazipata kwa Reverien, bodaboda aliyezoea kupaki mbele ya kibanda. Reverien ni mtu wa maneno mengi lakini hana baya. Ndiye aliyesema kwamba kuna mama mmoja wa Kitahana kila magari ya wakimbizi yakishusha watu Nduta yeye yuko pale getini. Amempeleka mwenyewe mara kadhaa, na hamtozi, inamshinda. Anauliza kila anayeshuka kama amemwona Ndihokubwayo. Na unajua wanafanyaje vijana? Wimbo wameshaujua, umevuka mpaka kule. Mama akiita tu Ndiho, kabla hajamalizia, kundi zima linaitikia ndiho, ndiho, na kucheza, na kucheka, hawana nia mbaya, wametoka kwenye shida zao wamepata cha kuchekea. Na yeye kila wakiitikia anageuka. Kila mara, Reverien akasema, kila mara anageuka kuangalia kama ndiye.

Twalibu akamwomba Reverien anyamaze. Reverien akashangaa, akasema mbona umekuwa hivyo, si unatakiwa ufurahi wimbo unafika mbali.

Mvua za mwisho wa mwaka zikazidi, na katika mvua hizo akaja Claudine peke yake, amelowa, viatu kavishika mkononi. Hakuingia ndani. Alisema mama ameanguka, kifua kimembana kwa kushinda kwenye mvua pale getini, na hata sasa akipata nguvu kidogo anataka kunyanyuka aende. Wazee wa ukoo wamemkasirikia, wanasema amemwaga pombe ya msiba na hiyo ni nuksi. Kwa hiyo yeye amekuja kuomba kitu kimoja. Yule jamaa wa ng'ambo mwenye simu, atafutwe.

Twalibu akaanza kubabaika kwamba watu wa ng'ambo ni wengi, kwamba siku zimepita. Claudine akamwacha amalize.

"Kaka, mimi nakuuliza jambo dogo," akasema. "Kama yupo, mimi ni mke wa mtu, nitakaa, nitamngoja hata nikizeeka. Kama hayupo, msiba uondolewe, nivue hiki kitambaa. Mimi siwezi kuwa vyote viwili. Unajua au hujui?"

Twalibu alisema anajua. Neno lilimtoka kabla hajalizuia. Claudine akamtazama tena kama siku ile, akaitikia kwa kichwa, akasema basi njoo umwambie mwenyewe, mimi usiniambie, akaondoka na mvua yake.

Safari ya Mwanza ilikuwa kesho yake. Makarius alishatuma ujumbe kwamba mabango yamebandikwa na jina la DJ Ndiho limeandikwa kwa maandishi manene. Asubuhi Twalibu alifunga begi, akaweka kompyuta, akaweka na spika ndogo ya betri, akatoka. Basi la Mwanza lilikuwa linawaita watu. Akalipita. Akampata Reverien, akapanda nyuma, akamwambia Kitahana. Simu ilipoanza kulia akaizima.

Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Atasema hakujua Kiha vizuri. Atasema hakujua ni jina. Atasema upepo. Yote yalikuwa kweli, na kila alipoyapanga vizuri alijiona mchafu zaidi, maana uongo wa kibandani haukuwa na upepo wala Kiha. Huo aliusema kwa Kiswahili safi, macho makavu.

Nyumba ya Esteri ilikuwa chini kidogo ya ule mgongo wa kilima. Mama alikuwa amekaa juu ya mkeka karibu na mafiga, amejifunika blanketi, pumzi zinamtoka kwa mkwaruzo. Alipomwona Twalibu akajaribu kunyanyuka kumpokea, na Claudine akamrudisha chini. Shikamoo, marahaba. Akauliza kama jamaa amepatikana. Uso wote ulikuwa umefunguka, na Twalibu akawaza kugeuka akimbie, nakwambia kweli, aliwaza mguu upi utangulie.

Badala yake akakaa chini, akafungua kompyuta mapajani, akaunganisha spika. Hakusema lolote kati ya yale aliyoyapanga. Akatafuta ile sauti ya mwanzo, ile ya simu ambayo hakuwahi kuifuta, haijakatwa wala kushushwa, akaipiga.

Kwanza upepo. Dereva anatukana tairi kwa mbali. Kisha sauti ya mwanamke kutoka juu, inaanza, inavutwa, inakwenda nyembamba, inaanguka: Ndihokubwayo. Kimya. Tena: Ndihokubwayo. Kimya kirefu. Mara ya tatu ilikuwa imechoka, na hapo ikakatika.

"Ni mimi," akasema Esteri.

"Ni wewe, mama."

Hakuelewa bado, au hakutaka. Akauliza sauti yake inahusu nini, yeye anamtafuta mwanawe. Twalibu akamwonyesha. Akaukata mkia mbele ya macho yake. Akaishusha sauti, akaishusha tena, na kidogo kidogo yule mwanamke akaondoka na kijana akaingia ndani ya nyumba ile, kifua kimejaa, akasema ndiho. Esteri alishika mdomo. Kisha Twalibu akaipandisha tena, akamwondoa kijana, akamrudisha mama. Ilibidi afanye hivyo mara mbili, maana mama alimwomba kwa mkono. Claudine alikuwa amesimama mlangoni ameegemea nguzo na hakusogea.

Twalibu akasema hakuna jamaa wa ng'ambo. Akasema alidanganya. Akafunga kompyuta nusu akangoja kutukanwa, na alitaka kutukanwa, alikuwa amekuja kwa ajili ya hilo. Kofi lingemfaa zaidi.

Esteri akachokoa majivu kwa kijiti.

"Siku ile ulikuwa wapi?" akauliza.

"Pale barabarani, mama. Kwenye kona. Gari lilipata pancha."

"Ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Vizuri?"

"Vizuri sana, mama."

Mama akatikisa kichwa taratibu. Akasema yeye alidhani hasikiki. Akasema huku kwao mtu akiita mlimani, anayesikia anaitika, hata kama siye anayeitwa, hata kama ni mgeni anayepita. Anasema ntariho, hayupo huku, ili mwenye kuita ajue asitafute upande ule, aende nyumbani akalale. Yeye aliita jioni zote za mwaka ule hakuna aliyemwitika, akajua basi sauti haifiki, kila siku akawa anaongeza. Mpaka kifua kikaharibika.

"Kumbe wewe ulikuwepo," akasema. "Umekaa unasikia."

Twalibu akaanguka magoti, akasema nisamehe, mama. Alikuwa analia kama mtoto, kamasi zinamtoka, wala hakujali.

"Hilo sikukuomba," akasema Esteri. "Niitike."

Twalibu alidhani hakusikia vizuri. Claudine, kutoka mlangoni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba anataka uitike, mwitike. Na Esteri akajikaza, akalitupa blanketi begani, akaelekeza uso ukutani, upande wa Burundi, akaita. Haikuwa sauti tena. Ilikuwa pumzi inayokwaruza ukuta wa koo, lakini ilianza juu, ikavutwa, ikaanguka na mkia wake wote. Ndihokubwayo.

Twalibu wakati huo alishajifunza, kwa aibu, maneno machache zaidi ya yale ya dukani. Alijua neno aliloombwa lina maana mbili katika kinywa cha watu wale. Ni hayupo huku. Na ni hayupo hai.

"Ntariho, mama," akasema. "Ntariho."

Esteri akasikiliza mpaka neno likaisha ndani ya nyumba. Akavuta blanketi. Bila kugeuka, akamwambia Claudine aende kwa baba mkubwa Stanislaus, amwambie wapange siku, na pombe ilowekwe upya. Claudine akatoka. Kule nje walimsikia anakwenda mwendo wa kawaida, kisha mwendo ukabadilika, akawa anakimbia.

Esteri akalala juu ya mkeka, uso ukutani. Twalibu akabaki amekaa pale pale na kompyuta mapajani, bado ina moto, hajui kama ameruhusiwa kuondoka.